Lori Linalokunywa Maji

Jumatatu, 10 Machi

Husnah, mwenye gereji, amenipa daftari hili niandike kila kazi ninayofanya: gari gani, lina ugonjwa gani, nimebadilisha nini. Anasema mafundi wote wa hapa Kisenyi, Kampala, wana vichwa vya kuku, hawakumbuki jana walifungua bolti gani. Mimi sina kichwa cha kuku. Lakini daftari lina jalada gumu na karatasi nzuri, na hapa gereji kuna mambo mengi ambayo si bolti. Nitaandika yote, naye asome atakachoweza.

Kazi ya leo ni lori la Augustin, Mkongo anayepeleka mabati na unga Butembo kupitia mpaka wa Mpondwe. Injini ya silinda sita, mtumba wa Ulaya. Dereva wake Ocira, Mwacholi wa miaka hamsini na kitu, ameingia nalo uani huku mvua ya kwanza ya msimu ikimwagika.

"Dada fundi, hii lori inakunywa maji kama ng'ombe. Kutoka Kasese mpaka hapa nimeongeza dumu mbili."

Mpira wa chini wa radieta ulikuwa umepasuka kwenye klipu. Nimeweka mpira mpya na klipu mpya, nimejaza maji ya mfereji, nimewasha. Limeunguruma saa nzima bila tone. Ocira amelizunguka mara tatu akichungulia chini kama mtu aliyepoteza pete. Nimemwambia aende zake, madereva wenye wasiwasi hunichosha kuliko injini mbovu.

Jumanne, 11 Machi

Klachi ya basi la shule. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Lori limerudi, na safari hii Augustin mwenyewe amekuja nalo. Limechemka Kyenjojo. Si mpira wangu. Mpira wangu ni mkavu, nimewagusisha wote wawili, yeye na Ocira. Maji yanapita pengine.

Augustin ni mtu wa sauti. Alisimama matopeni na viatu vyake vya ngozi, akaninyooshea kidole.

"Mama fundi, mi niko na gari moja tu. Moja! Si kumi." Kisha akamgeukia Ocira. "Nasema mbele ya huyu mama. Ikichemka tena juu ya uzembe yako, muzee, unaacha ufunguo. Na ba-patron yote ya malori kule Mpondwe watajua njo sababu gani."

Ocira alikuwa anafuta kioo cha pembeni kwa kitambaa, na kioo chenyewe kilikuwa kinanyeshewa.

Mtu wa nje hawezi kujua uzito wa maneno yale. Dereva anaweza kugonga ng'ombe, anaweza hata kupindua mzigo wote mtaroni, na bado akapata lori jingine. Aliyechemsha injini hapati. Jina lake hutangulia kufika kila uwanja ambapo malori hulala. Kwa umri wa Ocira, huo ni mwisho wa kazi.

Nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu, kwa sababu nadhani ni mzembe kweli.

Jumanne, 18 Machi

Kiangazi, tone la maji hujiandika lenyewe vumbini. Unaamka, unatazama chini ya gari, unasoma. Msimu huu ua wote ni ziwa, na lori lenyewe linachuruzika mvua kutoka kila kona. Utajuaje tone lipi ni la mbinguni na lipi ni la radieta?

Nimetoa radieta nikaipeleka Katwe kwa Otema. Otema huchomelea radieta na kuchonga vyuma, ana miaka arobaini katika kazi hiyo na haongei mpaka umalize kuongea. Ameizamisha kwenye pipa, akapata vitundu viwili, akaziba. Pia amenichomelea valvu ya tairi kwenye kifuniko cha zamani cha radieta. Sasa naweza kusukuma upepo ndani kwa pampu ya baiskeli na kuona kama presha inashuka.

Jumatano, 19 Machi

Nimefunika injini kwa turubai na kutandika maboksi makavu chini yake. Jana jioni nilijaza maji mpaka shingoni. Asubuhi nimepima kwa kijiti: yamepungua vidole viwili. Maboksi ni makavu.

Alhamisi, 20 Machi

Vidole viwili. Maboksi makavu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimebadilisha pampu ya maji. Kwenye kitundu chake cha chini kulikuwa na alama nyeupe ya chumvi, nikajiambia nimempata mwizi. Ocira alikuwa ananishikia bolti. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama tungeweka ile dawa nyekundu ya radieta, ile wanayouza madukani. Nilicheka. Nikamwambia dawa haizibi kitundu.

Jumamosi, 22 Machi

Vidole viwili!

Nimepekua kila kiungo kwa tochi na kioo kidogo. Oili kwenye kijiti chake ni nyeusi, safi, haina rangi ya maziwa, kwa hiyo ndani hakuna kitu. Basi ni nini? Nimeanza kumshuku Ocira. Yeye ndiye hufika wa kwanza asubuhi. Labda huyachota kabla sijafika. Labda ana ugomvi na Augustin na anataka nimpatie kisingizio. Nimemtazama kwa jicho baya siku nzima, naye ameniletea chapati.

Husnah amefunga Ramadhani, njaa na Augustin vimempanda kichwani kwa pamoja. Augustin hupiga simu kila baada ya sala.

Jumanne, 25 Machi

Augustin amekataa kungoja. Amepakia unga, Ocira ameondoka na madumu manne ya maji nyuma ya kiti. Mimi ndiye niliyesema linaweza kwenda. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 28 Machi

Simu kutoka kwa Ocira saa nane mchana. "Imechemka. Niko karibu na Mubende." Akakata.

Jumamosi, 29 Machi

Wamelivuta mpaka uani. Bwaise ninakoishi kumefurika, maji yameingia chumbani kwangu mpaka kwenye mguu wa kitanda, nimekuja kazini na viatu mkononi. Nimemkuta Ocira ameketi ndani ya kebini, hataki kushuka. Nikapanda upande wa pili.

"Dada, nataka kukwambia kitu. Usiambie Augustin."

"Sema, Mzee."

"Nilikuwa napanda. Nyuma yangu basi, pembeni hakuna mahali pa kusimama, mvua inapiga. Sindano ya joto imeingia kwa nyekundu. Mimi nimeona. Nikaendelea mpaka senta ya maduka." Akashika usukani. "Kilomita sita. Mimi ndiye nimeua hii injini."

Nilimwambia tusubiri tufungue. Akanionyesha dashibodi. Pembeni ya usukani amekwaruza kwa msumari alama ndogo ndogo, kila alama dumu moja, na juu yake herufi ya mahali: K, F, M. Ameanza zamani, miezi mitano iliyopita. Miezi mitano anajua kuna ugonjwa, na kila alipomwambia Augustin aliambiwa ajaze maji.

Basi si mzembe. Nimeona aibu kwa ile chapati.

Jumatatu, 31 Machi

Gereji imefungwa kwa Idi. Husnah amenitumia pilau. Nimeshinda natoa matope chumbani kwa beleshi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeacha kubahatisha. Nimefunga mpira mwembamba kwenye shingo ya radieta, ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa ya maji. Nikawasha. Injini ilipopanda joto, viputo vikaanza kutoka ndani ya chupa, kimoja kimoja, kisha mfululizo. Moshi wa silinda unaingia kwenye njia ya maji. Halafu nikaiacha ipoe mpaka adhuhuri, nikalegeza bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, polepole sana. Kabla ya oili, yalitoka maji, nusu glasi. Maji ni mazito kuliko oili, hulala chini kabisa, ndiyo maana kijiti hakikuniambia kitu.

Wiki tatu nimelala chini ya hili lori nikitafuta tone nje, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ningeanza na bolti hii tarehe kumi na saba, Ocira asingefika Mubende.

Ijumaa, 4 Aprili

Sampu iko chini. Nimesukuma upepo kwa kile kifuniko cha Otema na kulala chali nikitazama juu. Dakika kumi. Ishirini. Kisha tone likaota kwenye ukingo wa silinda ya tatu, likaning'inia, likaniangukia shavuni. Nilipiga kelele mpaka watu wa gereji ya pili wakaja wakidhani nimebanwa. Nilikuwa nacheka.

Jumatatu, 7 Aprili

Sicheki tena.

Nimefungua kichwa cha injini, nimetoa pistoni ya tatu, nimevuta silivu, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Pistoni haina mkwaruzo. Kichwa nimekiwekea rula ya chuma, kimenyooka. Kilomita sita za Ocira hazikuunguza kitu. Nilitaka kumwita nimwambie.

Kisha nikageuza silivu nitazame mgongo wake, ule unaooga kwenye maji. Upande mmoja umetobolewa vitundu vingi vidogo, kama punje za mahindi zilizoingiwa na dumuzi. Vingine ni vya juu juu. Viwili vimetokea upande wa pili. Nikavuta ya pili na ya tano: zimeanza vivyo hivyo.

Sikumwita. Nimefunika kazi kwa turubai.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda Katwe na silivu ndani ya gunia. Otema aliigeuza mara moja tu.

"Hii ni maji matupu," alisema. "Injini ikitetema, maji yanachemka vipovu vidogo hapa kwa ukuta, vinakula chuma. Ile dawa nyekundu inafanya ngozi juu ya chuma, inakinga. Na kama themostati hakuna, injini haipati joto yake, inatetema zaidi. Nani alikuwa anaweka maji matupu humu?"

Nikasema sijui.

Najua. Najua mpaka mahali nilipokuwa nimesimama. Julai mwaka juzi, Augustin alipolinunua, lililetwa kwangu kwa ukaguzi. Lilikuwa na dawa nyekundu ndani. Mimi niliimwaga. Nikatoa themostati kwa mikono yangu mwenyewe nikaitupa kwenye vyuma chakavu. Ocira aliuliza kama nina hakika, nami nikamwambia maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasema: "Mzee, hizi ni za Wazungu wa theluji. Huku kwetu injini inataka baridi. Weka maji ya mfereji, utaendesha mpaka ustaafu."

Mafundi wengi wa hapa hufanya hivyo. Lakini wengi hawakukaa darasani Eldoret miaka miwili kama mimi. Mwalimu wetu alituchorea silivu ubaoni, na vitundu akavichora kwa chaki. Nililijua jambo hili nikaliacha, kwa sababu Kisenyi walicheka nilipolisema wiki yangu ya kwanza, na mimi nilikuwa mwanamke pekee kwenye injini kubwa, nikachoka kuchekwa. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nawacheka wengine.

Alhamisi, 10 Aprili

Augustin ametaka kikao. Ni desturi ya mtaa huu: mwenye lori na dereva wakigombana juu ya injini, chuma kilichokufa kinalazwa juu ya gunia, fundi aliyefungua anakieleza, na fundi wa nje anakuja kuthibitisha. Wanachosema ndicho kinachoshika, na madereva hukibeba mpaka mpakani. Kitakuwa Jumamosi. Fundi wa nje ni Otema.

Nimemwambia Husnah kila kitu. Nilidhani atanikumbatia, ni yeye aliyenipa spana wakati hakuna mwingine uani aliyetaka kunipa hata ufagio. Alisikiliza, akafunga mlango wa ofisi.

"Bannange, jamani, Nabangala. Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi iishe hapa. Dereva yeye mwenyewe anasema alipitisha kwa nyekundu, si ndiyo? Wewe sema injini ilipata moto. Si uongo, moto ilipata. Ukisema ile ingine, kira mutu ambaye umemfanyia injini atakuja hapa na panga. Hii gereji iko na watu kumi na mbiri wanakula."

"Na Ocira?"

"Ocira ni mutu muzima. Ataenda kwao Gulu, atalima."

Alilisema hivyo hivyo, huku akipanga karatasi. Sikuwahi kumwogopa Husnah kabla ya leo. La kutisha zaidi ni kwamba maneno yake yalinipa nafuu. Nimetembea mpaka stendi nikiyafanyia mazoezi: injini ilipata moto, injini ilipata moto. Yanatoka vizuri mdomoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Ocira amekuja kuosha kebini. Ameosha mpaka chini ya pedali. Mtu haoshi hivyo gari analotegemea kuendesha kesho.

Sikuweza kumwangalia.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitajaribu kufuata mambo yalivyokuja.

Walikaa chini ya paa la bati upande wa kuchomelea: Augustin kwenye kiti cha plastiki, Husnah mlangoni mwa ofisi, Otema juu ya tairi, madereva saba au wanane wamesimama nyuma. Ocira alikaa peke yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, amevaa shati la kwendea kanisani. Silivu tatu nilikuwa nimezilaza juu ya gunia.

Nilianza vizuri. Nikaeleza viputo, maji ya sampu, tone la silinda ya tatu. Nikafika mahali pa kusema sababu, nikasema, "Otema athibitishe." Nimemsukumia mzee wa watu mzigo wangu. Najua ni kwa nini.

Otema akainua silivu, akaipitisha mkono kwa mkono mpaka kwa Augustin. "Hii haikuungua. Angalia pistoni, safi. Hii ni maji matupu, muda mrefu, bila dawa."

Kwa dakika moja nilidhani tumepona wote. Moto haukuwapo, kilomita sita hazikuwa kitu. Ocira aliinua kichwa. Kisha Augustin akauliza, na hapo ndipo nilipoona shimo nililolichimba.

"Nani alitia maji?"

"Mimi," Ocira akasema. "Kila asubuhi."

"Mi nilikuambia utie maji?"

"Ulisema nijaze."

"Nilisema ujaze, sikusema ujaze na maji ya mutaro! Nani alikuambia hii gari inakula maji tu?"

Ocira hakuniangalia hata kidogo. Alitazama mikono yake, akaikunjua, akaikunja. Nilijua kwamba anakumbuka. Mtu anayekwaruza kila dumu kwa msumari hawezi kusahau maneno ya fundi. Alikumbuka na hakusema.

Mvua ikaanza juu ya bati, watu wakasogea ndani, wote tukawa karibu zaidi. Augustin hakupiga kelele tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwamba walipokimbia kwao alikuwa na duka na nyumba mbili, na kilichobaki kikawa bei ya lori hili. Alisema ana watoto sita na dada yake Monique na watoto wa Monique, wote wako juu ya magurudumu kumi. Nilikuwa nimemwona mtu wa kelele tu tangu Machi. Ni mtu mwenye hofu.

"Muzee, sina hasira na wewe," akasema. "Lakini lete ufunguo."

Ocira akasimama. Ufunguo huwa anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akaanza kuivua, na kamba ikanasa kwenye kola ya shati lile safi. Alihangaika nayo. Hakuna aliyemsaidia. Husnah alikohoa mlangoni, kikohozi cha kunikumbusha.

Nikasema, "Ni mimi."

Sauti haikutoka, mvua iliimeza. Nikasema tena kwa nguvu, karibu nipige kelele. "Ni mimi niliyemwambia. Julai mwaka juzi. Dawa ilikuwamo, niliimwaga mimi. Themostati ilikuwamo, niliitoa mimi. Aliniuliza kama nina hakika nikamcheka. Mwezi uliopita ameniuliza tena, nikamcheka tena. Amefanya nilichomwambia, kila asubuhi, kwa miaka miwili."

Otema akafumba macho. Madereva wakaanza kunong'ona. Husnah aliingia ofisini akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Augustin alilaza silivu juu ya gunia. "Mama," akasema, "mi nilikuwa nakuja kwako juu watu banasema wewe hudanganyi."

Nikainama nikazipanga silivu upya juu ya gunia.

Walichoamua ni hiki: gereji inanunua silivu sita na themostati, mimi ninaunga injini, na Otema anasimama juu yangu kila bolti. Ufunguo ubaki kwa Ocira. Augustin mwenyewe aliunasua kwenye kola akaurudisha kifuani kwa dereva wake, akaupiga kofi kidogo kama mtu anayebandika stempu.

Nilidhani Ocira atanipa mkono. Alipita mbele yangu, akasimama. "Miezi tano," akasema. "Mimi nalala nikifikiri nimekosa wapi." Akaingia mvuani bila kofia.

Jumatatu, 14 Aprili

Husnah hasemi nami. Ananitumia ujumbe kupitia Otema.

Jumanne, 15 Aprili

Silivu mbili. Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Silivu ya sita imekaa. Malori mawili yaliyokuwa yakija kwangu yamehamia gereji ya jirani. Dereva mmoja ameniita "Mama Maji" na uani wote wamecheka. Ni utani mzuri, ningekuwa mimi ningecheka pia.

Alhamisi, 24 Aprili

Juzi tuliwasha. Dawa nyekundu ndani, themostati mahali pake. Limeunguruma saa tatu, presha haikushuka. Jana na leo asubuhi nimepima kwa kijiti: hakuna hata nusu kidole. Otema amesema, "Sawa," na kwake hiyo ni hotuba.

Ocira amepanda, akafunga mlango, akaondoka. Hakugeuza shingo.

Jumanne, 29 Aprili

Kazi pekee niliyopewa wiki hii ni kubadilisha tairi. Nimekaa nikahesabu kitu kingine. Malori niliyoyafanyia kama la Augustin ni kumi na moja. Nayakumbuka yote, rangi na mzigo, kwa sababu kila mara nilitoa hotuba ile ile. Yapo njiani sasa hivi, Juba, Arua, Kigali, yanakunywa maji matupu. Baadhi bado yanaweza kuokolewa bila kufungua injini.

Nimemwomba Husnah namba za wenyewe. Amenijibu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. "Unataka kutumaliza kabisa, nnyabo?" Sikumlaumu. Lakini namba hakunipa, na madereva hubadilisha simu kama soksi.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imepumzika tangu asubuhi. Saa nne lori la Augustin limeingia uani, nikajua limeharibika. Ocira akateremka. Akaja moja kwa moja nilipokuwa, akavuta ndoo, akaketi.

"Limechemka?" nikauliza.

"Hapana. Kasese na kurudi, sikuongeza hata kikombe." Akasogeza ndoo karibu. "Nasikia unatafuta watu."

Nikamwambia ndiyo, kumi na moja. Nikamwuliza pia lile lililoninyima raha tangu kikao: kwa nini hakunitaja, alipojua?

"Kama ningesema mimi, wangesema dereva anatafuta mutu wa kumtupia. Ilikuwa yako kusema." Alikuna kidevu. "Na mimi nilikuwa na hasira. Nilitaka nione kama utakaa kimya mpaka nitoke kwa geti. Ungekaa, ningejua nimeamini mutu wa namna gani."

"Bado una hasira?"

"Bado." Akatoa simu, kioo chake kimepasuka kona zote, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyosoma. "Andika. Ile ya bluu ya Elegu ni Oloya anaendesha. Ile ya saruji, Odur."

Alinisomea namba tisa kati ya kumi na moja. Nimeziandika hapa nyuma ya ukurasa. Kisha hakuondoka. Akaketi kunitazama, nikaelewa kwamba anangoja nianze.

Nikampigia Oloya. Alipokea akiwa safarini, nilisikia injini inavuta mlima na redio inaimba.

"Dada Nabangala! Umepotea wapi?"

"Oloya, lori lako linapunguza maji?"

"Ah, kidogo tu," akasema akicheka. "Dumu moja kila asubuhi. Ulisema maji hayana shida."

Nikamwambia akipata mahali pazuri asimame. Akacheka tena, akaniuliza kama nimelewa mchana kweupe, ana mzigo wa watu na mpaka unafungwa jioni. Ocira akaninyang'anya simu. Akasema maneno machache kwa Kiacholi, kisha kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie: "Simama, sikiliza fundi." Akanirudishia.

Tulingoja. Nikasikia gia zikishuka, breki za upepo zikipumua, na mwishowe ile injini ikazimwa na redio nayo ikanyamaza.

"Haya, nimesimama," Oloya akasema. "Nini?"

Ocira alikuwa ananiangalia. Nikamweleza tangu mwanzo nilichomfanyia.